Wasomaji Wauliza: Benki ya Chakula Huweka Nini, Humpa Nani?

Toleo hili tumeliachia barua zinazohusu benki za chakula, yaani taasisi zinazokusanya chakula kizima kilichokosa soko na kukifikisha kwa wenye njaa. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezipunguza.

SWALI: Ndugu wahariri, salamu kutoka Kongwa. Kijijini kwetu tulikuwa na benki ya nafaka: ukivuna unaweka magunia, njaa ikibisha hodi unayatoa. Sasa nasikia Nairobi kuna benki ya chakula. Ni kitu kilekile? Na inatofautianaje na NFRA, ule wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula?
Mkulima, Kongwa, Dodoma

JIBU: Ni vitu vitatu tofauti, ndugu yetu. Benki ya nafaka ya kijiji ni akiba yenu wenyewe. Aliyeweka ndiye anayetoa. NFRA ni hifadhi ya taifa: serikali inanunua nafaka msimu wa mavuno na kuitoa panapokuwa na upungufu au maafa. Benki ya chakula haina wakulima walioweka, na ikinunua hununua kidogo. Inaishi kwa chakula ambacho mwenyewe angekitupa: kabichi zilizokosa mnunuzi, unga ambao mfuko wake umechapishwa vibaya, maziwa yaliyobakiza siku nne tu za kuuzwa dukani.

Tena benki yenyewe kwa kawaida haimgawii mtu mmoja mmoja. Ichukulie kama duka la jumla: inapokea mizigo mikubwa, inachambua, inapima, inahifadhi, kisha inazigawia taasisi ndogo zilizosajiliwa nayo, kama shule, makao ya watoto, makanisa, misikiti, zahanati na vikundi vya kina mama. Hao ndio wanaowajua wenye shida kwa sura. Ukienda ghalani na kikapu chako utaelekezwa kituo kilicho karibu nawe, na usione umedharauliwa. Ghala lililopangwa kwa ajili ya malori haliwezi foleni ya watu.

Mpango huu ulianzia Phoenix, Arizona, mwaka 1967. John van Hengel alikuwa akijitolea katika jiko la kulisha maskini, akakutana na mama aliyekuwa akilisha wanawe vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka kubwa, vingi bado vizima. Kanisa la St. Mary's likampa jengo lililoachwa na dola 3,000 za kuanzia, ndipo benki ikaitwa St. Mary's Food Bank. Leo Marekani ina takriban benki 200 za namna hiyo chini ya mtandao wa Feeding America, kila moja na eneo lake. Kwetu, Food Banking Kenya ilianzishwa mwaka 2017, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mboga na matunda mabichi kutoka mashambani. Tofauti hiyo si ndogo. Kopo la maharage litakusubiri mwaka mzima. Mchicha haukusubiri hata kesho.

SWALI: Tunafungasha mishiri, yaani maharage mabichi ya maganda, ya kuuza Ulaya. Siku ikiwa mbaya tunabaki na kilo 300 hadi 400 zilizokataliwa kwa kupinda au kwa urefu. Kwa sasa tunawapa wafugaji. Kuna benki ya chakula tuliyoipigia simu, ikaja mara moja, haikurudi. Tulikosea wapi?
Msimamizi wa kiwanda cha kufungashia mboga, Mwea, Kirinyaga

JIBU: Huenda hamkukosea popote, hesabu ya gari ndiyo iliyowakataa. Kutoka Nairobi hadi Mwea na kurudi ni takriban kilomita 200. Lori la tani tatu likienda umbali huo kuchukua kilo 300, mafuta na posho ya dereva vinaweza kukaribia bei ya mboga zenyewe sokoni. Wengi wakisikia benki ya chakula huwaza ghala, kumbe gharama kubwa iko barabarani.

Kuna njia tatu za kulirudisha gari. Ya kwanza, wekeni siku maalumu, mathalani Jumanne na Ijumaa, ili dereva apange njia yake badala ya kuitwa kwa dharura. Ya pili, unganeni na wafungashaji wawili watatu wa jirani, mzigo ukusanyike mahali pamoja ufike angalau tani moja na nusu. Ya tatu, ambayo sisi tunaipendelea kwa mzigo wa ukubwa wenu, benki iwaunganishe moja kwa moja na shule au hospitali iliyo hapohapo Mwea. Taasisi inakuja na pikipiki ya magurudumu matatu, mnapima, mnatia saini, benki inabaki na kumbukumbu na ukaguzi. Mboga haifiki Nairobi kabisa, na haina sababu ya kufika.

Sasa mzigo wenyewe. Swali la kwanza ambalo benki makini itawauliza ni kwa nini umekataliwa. Kupinda, ufupi, unene, oda iliyofutwa: hakuna tatizo. Lakini mishiri iliyokataliwa kwa sababu ya mabaki ya dawa, au iliyovunwa kabla ya kwisha kwa siku za kusubiri baada ya kupuliza, haitolewi kwa binadamu yeyote. Mtasikia watu wakisema Wazungu wana masharti mengi mno. Huenda, ila benki haina maabara ya kuamua ni sharti lipi la kupuuza, na mtoto mwenye utapiamlo ndiye mtu wa mwisho wa kufanyiwa majaribio. Andikeni sababu ya kukataliwa kwenye hati, kila mara, hata kama ni neno moja.

Jambo la pili ni namna mnavyoyatunza makapi hayo. Kosa la kawaida viwandani ni kuyarundika sakafuni asubuhi, jua likayapiga, kisha saa kumi jioni benki ikaitwa. Mboga iliyovunwa bado inapumua na kutoa joto. Ukiishindilia kwenye gunia la kilo 90, ya katikati inajipika yenyewe. Tumieni kreti za plastiki za kilo 10 hadi 15, zikae kivulini au katika chumba chenu cha baridi pamoja na bidhaa za kuuza. Mishiri inataka nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi. Msiishushe chini ya hapo, kwa sababu hupata madoa ya kutu ikitoka kwenye baridi. Kama mnachanganya mizigo, kumbukeni nyanya na ndizi hazipendi chini ya nyuzi 12 au 13, sukuma wiki inapenda karibu na sifuri, na ndizi zinazoiva hutoa gesi inayozigeuza mboga za majani kuwa za manjano. Ndizi na sukuma zisilale chumba kimoja.

Asiye na chumba cha baridi anaweza kujenga kibanda cha makaa: kuta za wavu wa waya mara mbili, katikati makaa yenye unene wa sentimita 10 hivi, na bomba lenye vitundu juu linalodondosha maji taratibu. Upepo ukipita kwenye makaa yaliyolowa, ndani panapoa. Hufanya kazi vizuri palipo na hewa kavu kama kwenu Mwea au Machakos. Mombasa msijisumbue, hewa yenyewe tayari imejaa maji.

Mkipiga simu, semeni mambo haya kwa pumzi moja: aina ya mboga, kilo, idadi ya kreti, imevunwa lini, imewekwa wapi, na mwisho wa kuchukua ni saa ngapi. Tumeni na picha. Pigeni kabla ya saa sita mchana. Simu ya saa kumi na moja jioni ni sawa na kutupa. Na kreti zibadilishwe, tupu kwa iliyojaa, papo hapo. Wachangiaji wengi hujitoa kimyakimya kwa sababu kreti zao ziliondoka hazikurudi, wala hawasemi, wanaacha tu kupokea simu.

Wafugaji wenu wasikose. Iliyonyauka na iliyooza iendelee kuwa yao.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo Mathare, watoto 120. Tukisajiliwa na benki ya chakula, tutaweza kuacha kununua chakula cha mchana?
Mwalimu, Nairobi

JIBU: Usiache, Mwalimu. Kipimo kilichozoeleka cha mlo wa shuleni Kenya ni gramu 150 za nafaka kwa mtoto, gramu 40 za maharage au ndengu, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi, mlo ambao unampa mtoto takriban kalori 700. Kwa watoto 120, siku tano za juma, hiyo ni kilo 90 za nafaka, kilo 24 za maharage, kilo 3 za mafuta na kama kilo 1.8 za chumvi. Benki inayotegemea chakula kilichokosa soko haiwezi kukuahidi kilo 90 za mahindi kila Jumatatu, kwa sababu mahindi mazuri hayakosi soko. Itakachokuletea ni kabichi, karoti, maembe, viazi, leo nyingi, kesho hakuna.

Kwa hiyo panga hivi: nafaka, maharage na mafuta viwe na mfadhili au bajeti ya kudumu. Mboga na matunda, ambayo kwa gramu 100 kwa mtoto ni kilo 12 kwa siku, iachie benki. Fedha uliyokuwa ukinunulia mboga ihamie kwenye maharage na mafuta, maana hivyo ndivyo hupungua kwanza shule ikibanwa. Na siku gari lisipofika, watoto watakula githeri bila kabichi, lakini watakula.

Kusajiliwa hakuna uchawi. Benki itataka cheti cha usajili wa taasisi, idadi ya watoto, vyeti vya afya vya wapishi (Kenya hufanywa upya kila miezi sita), na majina ya watu wawili wenye mamlaka ya kupokea mzigo. Kisha watakuja kuangalia stoo. Wanatafuta mlango wenye kufuli, paa lisilovuja, magunia juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni na sentimita 45 kutoka ukutani ili mtu apite kufagia na kuona njia za panya. Mafuta ya taa na sabuni visikae chumba kimoja na unga. Kinachoisha muda mapema hutolewa mapema, hata kama kililetwa jana na kingine kililetwa mwezi uliopita.

Mkataba utakataza kuuza, kubadilishana kwa fadhila, na kumshurutisha mtu asali au apige kura fulani ndipo apewe. Baadhi ya benki huomba mchango mdogo wa usafiri kwa kila kilo. Hilo si rushwa mradi liko kwenye mkataba na lina risiti.

Tatizo tunaloliona zaidi kwenye taasisi si wizi, ni kuona haya. Shule inaletewa kilo 200 za nyanya zilizoiva, inajua itamaliza 60, lakini mkuu anaona vibaya kukataa zawadi. Siku ya tatu zinaoza, na fomu inaandikwa zimeliwa. Kataa, Mwalimu. Sema "nitachukua 60". Benki hupanga mzigo unaofuata kwa kutazama fomu hizo, na fomu ya uongo huleta nyanya nyingine 200.

SWALI: Nilikuwa na magunia 40 ya mahindi yaliyonyeshewa ghalani. Niliyaanika vizuri, nikayatoa bure kwa benki ya chakula, wakapima wakakataa. Watu wana njaa na chakula kinakataliwa?
Mfanyabiashara wa nafaka, Kitui

JIBU: Walifanya sawa, na Kitui ndiko mahali pa kulielewa jambo hili. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui kwenyewe. Kuanika kunazuia ukungu usiendelee, hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kupika ugali pia hakuiondoi.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu ya aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hii haijitawanyi sawasawa. Inaweza kukaa katika punje chache za gunia moja na magunia matano ya jirani yakawa safi, ndiyo maana kuchota kiganja kimoja mlangoni hakuthibitishi kitu. Kwa magunia 40, kila gunia lichomwe bambo, juu, katikati na chini, mahindi yote yachanganywe, yagawanywe, yasagwe, ndipo yapimwe. Kuyapa ng'ombe wa maziwa nako si suluhisho, sumu hupitia kwenye maziwa.

Siku nyingine, kabla ya kujaza ghala, pima unyevu kwa chumvi: chupa kavu, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha yatulie. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Na kama una ziada ya kutoa, itoe ingali nzima.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni vijana wa Mombasa. Harusi zetu hubakiza pilau na biriani mpaka sufuria nzima. Tunataka kuanza kukusanya usiku uleule na kuwapa wanaolala nje. Tuanzeje?
Kikundi cha vijana, Majengo, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam. Wazo zuri, lakini mmechagua chakula kigumu kuliko vyote. Wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata mkiupasha upya mpaka uungue. Mtu anatapika ndani ya saa chache. Anayelala nje hana choo wala maji, na hana wa kumpeleka hospitali.

Gawanyeni chakula cha harusi mafungu mawili. Kilichokwisha kufika kwenye sinia mbele ya wageni, hata kama sinia halikuguswa, kiacheni. Watu wamelizunguka, mikono imepita juu yake. Mnachochukua ni kile kilichobaki jikoni kwenye sufuria yenye kifuniko, na mpishi awaambie kilishuka motoni saa ngapi.

Kisha nunueni kipimajoto cha kuchoma chakula kabla hamjanunua fulana za kikundi. Pilau ikiwa nyuzi 60 au zaidi, inaweza kusafirishwa moto na kuliwa mara moja, kwenye vyombo vinavyohifadhi joto. Ikiwa chini ya 60 na hakuna anayejua ni kwa muda gani, au imezidi saa mbili, haichukuliwi. Hapa ndipo mtakapopata lawama, maana mwenye harusi ataona mnamdharau. Mwelezeni sheria hii siku ya kupanga, na si usiku wa harusi.

Kama chakula hakitaliwa usiku huo, kipoeni haraka. Toeni kwenye sufuria, tandazeni kwenye trei pana kina kisizidi sentimita 5. Kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, na kifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria kubwa la pilau likiingizwa zima kwenye friji, katikati litabaki vuguvugu mpaka asubuhi, na friji yenyewe itapanda joto na kuharibu vingine. Siku ya pili kipasheni hadi nyuzi 74, mara moja tu. Kisichoisha hapo kitupwe.

Ushauri wetu: miezi mitatu ya kwanza anzeni na mikate ya jana ya mabekari, matunda, na vyakula vikavu vya maduka ya jumla. Mtajifunza njia, saa, watu na uandishi wa kumbukumbu bila kuhatarisha tumbo la mtu. Nchini Marekani kuna sheria ya mwaka 1996, ya Bill Emerson, inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema isipokuwa amefanya uzembe mkubwa au kusudi. Nyinyi msiingie kazini mkitegemea kinga ya namna hiyo. Andikianeni hati na mtoaji, aseme chakula kilipikwa lini na kimehifadhiwaje, nanyi msaini mlikipokea kikiwa na nyuzi ngapi.

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimetoka Kongo, naishi Minneapolis. Kwenye kituo cha chakula cha kanisa tunapewa sanduku: makopo ya mahindi matamu, tambi, siagi ya karanga. Unga wa ugali hakuna, jirani yangu Msomali anatafuta nyama ya halali hapati. Nani anaamua?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Mama, wanaamua watu watatu kwa zamu, na wewe unaweza kumfikia wa tatu.

Wa kwanza ni mtandao wa taifa. Zamani Feeding America ilikuwa ikizipa benki mizigo kwa foleni, kilo ni kilo, ziwe za viazi au za maziwa. Benki iliyoko Idaho, jimbo lililojaa viazi, iliweza kupangiwa lori la viazi. Mwaka 2005, kwa msaada wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaanzisha mnada. Kila benki hupewa pointi kulingana na ukubwa wa njaa ya eneo lake, si pesa, na huzitumia kugombea mizigo mara mbili kwa siku. Zilizotumika hurudi na kugawiwa upya, ili benki maskini isiishiwe. Ikajulikana upesi kwamba nafaka za kifungua kinywa na tambi hugombewa kwa pointi nyingi, na mboga mbichi hupatikana kwa pointi chache sana. Ndiyo sababu mojawapo ya kuona tambi kila mara: benki zenyewe zinazitaka, kwa kuwa tambi hazihitaji baridi wala haraka.

Wa pili ni benki ya eneo lako. Second Harvest Heartland, yenye ghala Brooklyn Park, inahudumia kaunti 59 za Minnesota na magharibi mwa Wisconsin. Hapo huingia pia chakula kinachonunuliwa na serikali ya taifa kupitia mpango wa TEFAP. Kwa chakula hicho cha serikali huwa unajaza fomu ya jina, anwani, idadi ya watu nyumbani na kwamba kipato chako kiko chini ya kiwango.

Wa tatu ni kituo chenu. Kinachagua kutoka orodha ya benki, na mara nyingi msimamizi anachagua anachokijua yeye. Mwambieni kwa maandishi, familia tano au kumi kwa pamoja: tunataka unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, mchele, maharage makavu, mafuta ya kupikia, kuku au mbuzi wa halali aliyegandishwa mwenye nembo kwenye pakiti. Neno "chakula cha Kiafrika" halimsaidii mtu anayejaza oda. Kisha ulizeni kama kituo kinaweza kuacha masanduku na kuwa na rafu za kujichagulia. Vituo vingi vimeshahamia huko, na gharama haiongezeki sana, kwa sababu familia haibebi kopo ambalo litaishia kabatini. Mkihitaji friza, semeni hivyo. Kituo kisicho na friza hakiletewi nyama hata kikiomba.

SWALI: Wanangu, naona mnazisifu sana hizi benki. Chakula cha bure huua soko la mkulima. Na huko Marekani zimekuwepo zaidi ya miaka 50, njaa imekwisha?
Mzee, Moshi

JIBU: Shikamoo, Mzee. Haijaisha. Mwaka 2023 asilimia 13.5 ya kaya za Marekani zilikosa uhakika wa chakula, kwa takwimu za serikali yao. Feeding America wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwenye benki zao, mpango wa serikali wa SNAP, unaowapa watu uwezo wa kununua dukani, hutoa milo tisa. Benki ya chakula haipandishi mshahara wala haishushi kodi ya nyumba. Inaziba pengo la mwisho wa mwezi, na anayeahidi zaidi ya hapo anatafuta wafadhili.

Angalia pia hesabu zao. Kipimo cha Marekani ni kwamba kila gramu 540 hivi za chakula ni mlo mmoja. Kwa kipimo hicho tani moja ya kabichi ni milo zaidi ya 1,800. Lakini gramu 540 za kabichi zina kalori kama 135, na uzito uleule wa unga wa mahindi una karibu 1,950. Benki ikikutangazia milo milioni, muulize mkuu wake kilo hizo zilikuwa za nini. Mwenye kumbukumbu nzuri atakujibu kwa mafungu: nafaka kiasi hiki, mikunde kiasi hiki, mboga kiasi hiki.

Kuhusu soko, hofu yako ni ya kweli pale nafaka ya bure inapomwagwa wilayani wakati wa mavuno. Benki yenye busara huchukua ziada na haiingizi mahindi mahali mkulima anapouza yake. Kuna na kosa dogo lisiloonekana. Katika masoko ya jumla, mboga za alasiri hushuka bei, na hapo ndipo mama muuza genge mwenye mtaji mdogo hununua mafungu yake. Benki ikizichukua bure saa nane mchana, imemnyang'anya yeye. Gari la benki lifike soko linapofungwa, lichukue ambazo hata kwa bei ya kutupa hazikununuliwa.

SWALI: Kopo lililobonyea linatolewa au linatupwa? Na tarehe ikipita?
Wengi

JIBU: Bonyeo dogo ubavuni, kopo halikuvimba, halivuji: zima. Bonyeo kwenye mshono au ukingo wa juu, kutu inayobaki baada ya kufuta kwa kitambaa, kuvimba hata kidogo: tupa bila kulifungua. Lebo iliyotoka kabisa, tupa pia, maana hujui kilichomo wala mzio wa atakayekila. "Bora kabla ya" ni ubora, hivyo mchele, tambi na makopo mazima yanaweza kutolewa baada ya tarehe hiyo pale sheria ya nchi inaporuhusu. "Tumia kabla ya" ni usalama, na ikipita haijadiliwi. Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayatolewi yakipita tarehe hata siku moja.